Mary Seacole: Mwenye nyumba ya wageni aliyeponya wengi na kulemewa na madeni

WAHENGA walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika maisha ya Mary Seacole, methali hiyo iligeuka juu chini. Wageni ndio waliofika hoi na kuondoka wazima, naye mwenyeji akabaki na vitabu vya madeni yasiyolipwa.

Wengi humfahamu bibi huyu kama muuguzi wa Vita vya Crimea, vilivyopiganwa kati ya 1853 na 1856. Hata hivyo, kazi aliyoirithi kutoka kwa mamake ni ya kuendesha nyumba ya wageni katika mji wa bandari. Asiyeielewa kazi hiyo hawezi kuelewa ni kwa nini mjane wa umri wa miaka 50 hivi alivuka bahari kwa gharama yake mwenyewe na kuelekea vitani.

Mary Jane Grant alizaliwa mwaka wa 1805 mjini Kingston, katika kisiwa cha Jamaica kilichokuwa koloni la Uingereza. Babake alikuwa mwanajeshi kutoka Uskoti. Mamake alikuwa mwanamke wa damu mchanganyiko, tena huru, katika kisiwa ambacho wengi wa watu weusi walikuwa watumwa. Sheria ya kukomesha utumwa ilianza kutekelezwa mwaka wa 1834, na uhuru kamili ukapatikana mwaka wa 1838.

Kuwa huru hakukumaanisha kuwa sawa na Mzungu. Hadi mwaka wa 1830, watu huru wasio Wazungu walinyimwa haki nyingi za kiraia, ikiwemo ya kupiga kura na ya kushika nyadhifa serikalini. Kwa wanawake wao, kufungua nyumba ya wageni kulikuwa miongoni mwa njia chache za kujitafutia riziki kwa heshima.

Meli ilipotia nanga, abiria walihitaji kitanda safi, maji ya kuoga na chakula cha moto. Maafisa wa jeshi la nchi kavu na wale wa majini, pamoja na wake zao, walitaka mahali pa kupumzikia mbali na kambi. Mamake Mary aliwapokea katika nyumba yake iliyoitwa Blundell Hall, katika barabara ya East Street.

Lakini wageni wa Kingston walikuwa na shida moja kubwa. Homa ya manjano iliwafyeka Wazungu waliotoka ng'ambo, hasa wale waliokuwa wageni wa hali ya hewa ya huko. Mwenye nyumba asiyejua kuuguza angewapoteza wateja wake vitandani. Ndiposa mamake Mary akawa pia mganga wa mitishamba mwenye sifa, na katika nyumba yake malazi, mapishi na matibabu vikawa huduma moja isiyotenganishwa.

Binti alijifunza kwa kutazama. Alianza kwa kumtibu mwanasesere wake, kisha akawageukia mbwa na paka wa nyumbani, na hatimaye akajijaribia dawa yeye mwenyewe. Alipokuwa kijana alisafiri hadi London mara mbili. Katika safari ya pili alibeba achari na matunda yaliyohifadhiwa kwa sukari, akayauza huko. Akili ya biashara ilikuwa imeanza kuchipuka.

NYUMBA YATEKETEA

Mwaka wa 1836 aliolewa na Edwin Seacole, na wawili hao wakafungua duka katika mji wa Black River, kusini magharibi mwa pwani ya Jamaica. Duka halikunawiri. Isitoshe, mume alikuwa mtu wa maradhi ya mara kwa mara, na ilibidi warejee Kingston kwa mama.

Masaibu yalifuatana. Mnamo Agosti 1843 moto mkubwa ulikumba mji wa Kingston, na Blundell Hall ikawa miongoni mwa majengo yaliyoteketea. Mwaka uliofuata Edwin alifariki, na haukupita muda mrefu mamake Mary naye akaaga dunia.

Mjane huyo alisimama tena. Nyumba ilijengwa upya, wageni wakarudi, na maafisa wa jeshi wakawa wateja wake wakuu. Mwaka wa 1850 kipindupindu kilipoingia Jamaica na kuua maelfu ya watu, daktari mmoja aliyekuwa amepanga kwake alimfunza mengi kuhusu namna ya kukabili ugonjwa huo. Mgeni alilipia kitanda, na juu yake akaacha elimu.

Elimu hiyo ilimfaa mwaka uliofuata alipomtembelea nduguye, Edward, aliyekuwa na hoteli katika kijiji cha Cruces nchini Panama. Njia hiyo ilijaa watu waliokuwa wakikimbilia dhahabu ya California. Kipindupindu kilipozuka huko, hapakuwa na daktari wa kutegemewa, na Mary akaingia kazini. Matajiri walimlipa, maskini aliwatibu bure.

Alifungua pia biashara yake mwenyewe katika kijiji hicho. Aliuza chakula bila kulaza watu, na akamweka kinyozi, kwa kuwa wasafiri waliotoka msituni na ndevu zilizosokotana walikuwa tayari kulipia kunyolewa. Alikuwa ametambua kwamba mwenyeji mwerevu huuza kile ambacho mgeni anakihitaji.

Huko huko Panama alionja ubaguzi. Alipotaka kurejea nyumbani, alipanda meli ya Wamarekani, lakini abiria wenzake wakakataa kusafiri pamoja na mwanamke mweusi. Alishuka, akasubiri meli ya Waingereza. Alifika Jamaica mwaka wa 1853, homa ya manjano ikiwa imepamba moto. Nyumba yake ilijaa wagonjwa, na wakuu wa jeshi wakamwomba asimamie uuguzi katika kambi ya Up-Park, nje ya Kingston.

MILANGO YAFUNGWA LONDON

Mwaka wa 1854, Uingereza na Ufaransa ziliungana na Uturuki kupigana na Urusi katika rasi ya Crimea. Vikosi ambavyo maafisa wake walikuwa wamelala katika vitanda vya Blundell Hall vilikuwa miongoni mwa vilivyopelekwa huko. Habari zilipoenea kuwa askari walikuwa wakifa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, Mary, aliyekuwa amefika London, aliamua kuomba kazi ya uuguzi.

Alibisha katika Wizara ya Vita akakataliwa. Alibisha kwa waliokuwa wakiwateua wauguzi wa kujiunga na Florence Nightingale, akaambiwa nafasi zimejaa. Aliomba msaada wa nauli kutoka kwa hazina iliyochangwa na umma kwa ajili ya vita hivyo, akaambulia patupu. Jioni moja alisimama barabarani London, machozi yakimtiririka, akijiuliza iwapo rangi ya ngozi yake ndiyo iliyomfungia milango.

Hapo ndipo alipokumbuka kazi yake ya asili. Ikiwa hakutakiwa kama muuguzi, angekwenda kama mwenye hoteli, kwa kuwa hakuhitaji kibali cha wizara ili afungue biashara. Alichapisha kadi za kutangaza kwamba angefungua hoteli huko Crimea, yenye chakula na makao ya starehe kwa maafisa wagonjwa na wale waliokuwa wakipata nafuu. Kwa maneno mengine, alikuwa akiihamisha Blundell Hall kutoka pwani ya Karibea hadi Bahari Nyeusi.

Aliingia ubia na Thomas Day, jamaa ya marehemu mumewe, na mapema mwaka wa 1855 akang'oa nanga. Njiani alipitia hospitali ya Scutari, akakutana na Nightingale na kulala hapo usiku mmoja kabla ya kuendelea na safari.

Hoteli hiyo ilijengwa karibu na kijiji cha Kadikoi, kando ya njia iliyotoka bandari ya Balaclava kuelekea kambini. Hapakuwa na fundi wala vifaa vya kutosha. Ilisimamishwa kwa mbao zilizookotwa majini, masanduku ya mizigo, mabati, na milango na madirisha yaliyotolewa katika nyumba zilizobomolewa. Kwa jumla ilimgharimu takriban pauni 800, fedha nyingi sana kwa nyakati hizo.

Mpishi mashuhuri Mfaransa, Alexis Soyer, alipomtembelea, alimshauri aachane na mpango wa vitanda. Maafisa walikuwa na mahema yao na hawakuruhusiwa kulala mbali na vikosi. Walichokikosa ni chakula kizuri na bidhaa. Mary alilikubali wazo hilo, kwani lilikuwa funzo lile lile la Cruces.

Kila alfajiri alikuwa ameshaamka, akinyonyoa kuku, akikata nyama na kuchanganya dawa. Kahawa iliandaliwa kwa wapita njia, kisha wagonjwa wakaanza kufika. Baadaye alipanda farasi au nyumbu na kubeba dawa na vyakula kwenda kuwahudumia majeruhi, wakati mwingine karibu na uwanja wa mapigano. Kanuni zake zilikuwa kali. Hoteli ilifungwa jioni mapema, Jumapili wateja hawakupokewa, na kamari ilipigwa marufuku.

Si wote waliomsifu. Pombe iliuzwa pale, na miaka mingi baadaye Nightingale alilalamika faraghani kuwa hoteli hiyo ilichangia ulevi, ingawa alikiri kwamba mwenyewe aliwatendea wanajeshi wema. Tena baadhi ya dawa za enzi hizo, zikiwemo zenye zebaki, sasa zinajulikana kuwa na madhara, na Mary mwenyewe alikiri kuwa alifanya makosa katika matibabu yake. Wala wanahistoria hawajaacha kujadiliana ni kwa kiasi gani anafaa kuitwa muuguzi. Wasichokipinga ni kwamba aliwajali watu waliokuwa mbali na kwao, jinsi mwenyeji mwema anavyomjali mgeni.

WATEJA WAONDOKA

Mji wa Sevastopol ulitwaliwa Septemba 1855, na mkataba wa amani ukatiwa saini Machi 1856. Kwa askari hiyo ilikuwa heri, lakini kwa mwenye hoteli ilikuwa pigo. Maghala yake yalikuwa yamesheheni bidhaa alizokuwa amezinunua kwa bei ghali, nao wateja wote walikuwa wakifunga virago kwa wakati mmoja.

Bidhaa ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Baadhi ya makreti ya divai aliyavunja kwa mikono yake badala ya kuyaacha. Aidha, kulikuwa na hesabu za maafisa waliokuwa wamekula kwa deni. Wengine walikuwa wamehamishwa, wengine walikuwa wamekwisha kufa vitani, na maiti hadaiwi. Mnamo Novemba 1856, Mary Seacole na mbia wake walitangazwa kuwa wamefilisika mjini London.

Waliowahi kula mezani kwake hawakumsahau. William Howard Russell, mwandishi wa gazeti la The Times aliyemwona akifanya kazi, alimsifu hadharani. Harambee iliandaliwa, na mnamo Julai 1857 tamasha la siku nne likafanyika London kwa manufaa yake. Umati ulifurika, lakini kampuni iliyomiliki uwanja huo ilikuwa yenyewe taabani kifedha, na pesa zilizomfikia zikawa kidogo mno. Mwezi uo huo alichapisha kitabu cha maisha yake, nacho kikapata wasomaji wengi.

Wakati huo, kule Kingston, dadake Louisa Grant alikuwa bado anaendesha nyumba ya wageni ya familia. Mwandishi Mwingereza Anthony Trollope alilala hapo mwishoni mwa miaka ya 1850, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1859 akasimulia jinsi mwenyeji wake alivyoshikilia kuwalisha wageni mapishi ya Kiingereza, nyama ya ng'ombe na jibini, katikati ya kisiwa kilichojaa vyakula vitamu vya kwao.

Dada hao wawili walilelewa katika nyumba moja na kufunzwa kazi moja. Hoteli ya Crimea ilidumu kiasi cha mwaka mmoja na ushei kwa kuwa ilitegemea aina moja ya mteja, naye akaondoka siku moja. Nyumba ya Kingston ilinusurika moto, maradhi na vifo kwa sababu bandari haikuacha kuleta meli. Yeyote aliyewahi kuendesha nyumba ya wageni kando ya bahari, akawaona wateja wa msimu wakiondoka kwa mkupuo na vyumba kubaki vitupu, ataelewa tofauti hiyo bila kuelezwa.

Mary alirudi Jamaica kwa muda, kisha London. Mwaka wa 1867 harambee ya pili ilifanywa, safari hii ikiungwa mkono na jamaa ya kifalme, na hali yake ikaimarika. Alifariki London mnamo Mei 14, 1881, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Kensal Green. Aliyekuwa amefilisika miaka 25 awali aliacha mali ya zaidi ya pauni 2,500.

Kisha akasahaulika. Kaburi lake lilikarabatiwa mwaka wa 1973. Mwaka wa 2004 alichaguliwa katika kura ya maoni kuwa Mwingereza mweusi mashuhuri zaidi katika historia, na mwaka wa 2016 sanamu yake ikazinduliwa nje ya hospitali ya St Thomas' jijini London.

Katika barabara ya East Street mjini Kingston, pale ilipokuwa Blundell Hall, sasa pana Maktaba ya Kitaifa ya Jamaica. Wageni bado huingia na kutoka, ingawa hawaji tena kutafuta kitanda. Miongoni mwa wanayoweza kuyasoma humo ni habari za binti aliyejifunzia mahali hapo kwamba kumpokea mgeni na kumwokoa mgonjwa ni kazi zinazofanana.