Kirilo Japhet na Nyumba ya Jirani Yako

Wewe unayesali Bagamoyo, au unayetoka Dar es Salaam kwenda kutafuta kiwanja Mapinga, Kerege au Zinga, leo nakuomba umtafakari Kirilo Japhet wa Meru.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao igawanywe mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Walikataa fidia, wakakataa kuhama. Nyumba zao zikachomwa moto.

Kirilo hakushika silaha. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952, pamoja na wakili Earle Seaton, alipeleka kilio chao Umoja wa Mataifa, New York. Wajumbe wengi walimuunga mkono, lakini katika Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili. Alirudi bila ardhi, ila hakunyamaza. Alizunguka Tanganyika akieleza yaliyowapata watu wake, na habari hiyo iliwaamsha wengi waliokuja kudai uhuru.

Sasa fungua 1 Wafalme 21. Ahabu alilitamani shamba la Nabothi, lakini hakumuua kwa mkono wake. Barua ziliandikwa, wazee wakaketi, mashahidi wakasema uongo. Yeye alishuka tu kumiliki. Hata hivyo Eliya alitumwa kwake.

Tukisoma habari hizi, kila mmoja hujiona Nabothi au Kirilo. Je, mpendwa, kama wewe ndiye Ahabu? Ukiuziwa eneo kwa bei ya kutupa, na ndani yake mna kibanda, minazi na makaburi ya watu, usimwachie dalali na vijana wa kubomoa kazi hiyo ukasema mikono yako ni safi. Zungumza na aliyemo. Ulizia serikali ya kijiji au ya mtaa. Penye mgogoro, subiri uamuzi wa baraza la ardhi au mahakama. Katiba yetu, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria na fidia inayostahili.

Na kama wewe ndiye unayetishiwa kuondolewa, usikate tamaa wala usiende peke yako. Kirilo alitumwa na watu wake. Kanisa nalo litakuwa wapi mwenzake akitolewa nje?

Bwana akupe makao pasipo kumtoa mwingine kwenye yake. Amina.