Daktari wa jicho moja aliyeona kilichowapita wengi

Hebu fikiria umekaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, jioni, na mdogo wako wa miaka sita anarudi kutoka madrasa shavu limevimba. Bibi anasema ni matumbwitumbwi. Jirani anasema ni jino. Mara nyingi huwa ni hayo kweli. Lakini je, uvimbe ukizidi kukua kila kukicha na meno yakaanza kulegea? Hapo, mwenzangu, kuna jina linalokufaa kulijua: Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, kisha akabadili nia akasomea udaktari. Usidhani alikuwa gwiji wa maabara. Alikuwa daktari wa upasuaji, mtu wa kisu na uzi. Vita vya Pili vya Dunia vilimleta Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi la Uingereza, na vita vilipokwisha akaenda kufanya kazi Uganda.

Mwaka 1957, hospitalini Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akakutana na mtoto mwingine wa hali iyo hiyo. Mmoja ungesema ni bahati mbaya. Wawili je? Akaanza kupekua rekodi za wagonjwa, akagundua kwamba wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe tumboni pia. Kumbe madaktari walikuwa wakiupa ugonjwa mmoja majina mengi! Akachapisha matokeo yake 1958.

Swali lililofuata lilikuwa rahisi: ugonjwa huu uko wapi, na hauko wapi? Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye gari kuukuu wakateremka kusini mwa Afrika. Walikwenda takriban kilomita 16,000 kwa wiki 10, wakauliza katika hospitali zaidi ya 50. Ramani ikajichora yenyewe. Penye joto na mvua ugonjwa upo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ni nadra. Kwa Kenya, maana yake ni ukanda wa Ziwa Victoria na huku kwetu pwani. Ni ramani ya malaria hiyo!

Burkitt alidhani mbu ndiye anayebeba virusi vya saratani hiyo. Hapo aliteleza kidogo, lakini kuteleza kwake kulifungua mlango. Mwaka huo huo wa 1961 alikuwa ametoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Mwaka 1964, Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakavipata virusi ndani ya seli za uvimbe kutoka Uganda. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr. Huenezwa kwa mate, si kwa mbu, na karibu kila mtu huvipata bila kudhurika.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kiini. Seli ya mwili ni kama jahazi la Bandari ya Kale. Likioza kupita kiasi, hupandishwa pwani na kubomolewa ubao kwa ubao, lisije likazama na watu. Seli nayo ikiharibika hupokea amri ya kufa kwa utaratibu, na jirani zake husafisha mabaki. Kila siku seli zako nyingi zinakufa hivyo, na ndivyo unavyobaki mzima.

Katika ugonjwa wa Burkitt, malaria ya mara kwa mara huzifanya seli za kinga zigawanyike mbiombio, na haraka huzaa makosa. Kosa kubwa ni jeni iitwayo MYC kuhama mahali pake na kuwaka bila kuzimika. Kwa kawaida seli inayokwenda kasi hivyo hushtukiwa ikaamriwa kufa. Lakini virusi vile vina protini zinazoziba masikio ya seli, na mara nyingi mlinzi mwingine, jeni ya TP53, naye ameharibika. Amri inatoka, hakuna anayeitii. Seli isiyokubali kufa inazaa nyingine, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Habari njema ni kwamba kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Dawa za saratani huzipiga sana seli zinazogawanyika haraka. Burkitt alizijaribu Kampala miaka ya 1960, akaona uvimbe ukiyeyuka, baadhi ya watoto wakapona kabisa. Kwa daktari wa kisu, kukubali kwamba kisu si dawa hapa si jambo dogo.

Baadaye alirudi Uingereza, akawa maarufu tena kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, jambo alilojifunza kwa kutazama milo ya Waafrika. Alifariki 1993.

Basi ukiona taya au tumbo la mtoto linavimba upesi, usikubali iwe wiki mbili za kusugua mafuta na kungoja. Mpelekeni hospitali akatolewe kipande cha uvimbe kipimwe. Ukiwa Kisiwani, Hospitali Kuu ya Pwani haiko mbali. Kwa ugonjwa huu, siku zina thamani kuliko pesa. Na usiku, chandarua kishushwe. Burkitt aliyaona haya kwa jicho moja. Wewe unayo mawili.