Askofu Frank Weston na Wapagazi Wake

Kila siku tunapita Kariakoo. Wengine wetu hutoka Jangwani kwa miguu, tukakata mitaa mpaka sokoni, tukanunua mchele, nazi na dagaa, kisha tukarudi nyumbani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina la mahali hapa ni jina la watu waliobeba mizigo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, na kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Walipoutwaa mji wa Dar es Salaam, tarehe 4 Septemba, 1916, waliwaweka wapagazi wao upande huu wa mji. Ulimi wa wenyeji ukalilainisha jina lile, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu ile ile.

Miongoni mwa wapagazi wa vita vile walikuwamo watu wa Unguja, na mkubwa wao alikuwa Askofu wa Kanisa letu. Napenda leo niwaeleze habari za maisha yake, maana yanatuhusu sana sisi tunaoishi kando ya soko hili.

Frank Weston alizaliwa London tarehe 13 Septemba, 1871. Alisoma Oxford, akafaulu masomo ya dini kwa daraja la kwanza. Mtu mwenye elimu ya namna ile angeweza kukaa chuoni maisha yake yote na kuandika vitabu. Yeye alikwenda kufanya kazi katika mitaa ya maskini mashariki ya London, na mwaka 1898, akiwa padre kijana, akaja Unguja pamoja na Misheni ya UMCA.

Unguja aliyoikuta ilikuwa bado na majeraha. Utumwa ulikuwa umeondolewa katika sheria mwaka uliotangulia tu, yaani 1897. Kanisa Kuu la Mkunazini lilisimama mahali palipokuwa soko la watumwa, na shule ya Kiungani ilianza kwa ajili ya wavulana waliookolewa katika majahazi. Katika soko lile mtu alikuwa na bei. Jina lake halikuulizwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Misheni ilikuwa kumrudishia mtu jina lake na kumpa nafasi ya kukaa mezani na wenzake. Weston alikuwa Mkuu wa Kiungani tangu 1901 hadi 1908, na hapo walifundishwa vijana waliokuja kuwa walimu na mapadre wa Bondei, Masasi na kwingineko. Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu twajua kazi hiyo ilivyo. Kumfundisha mtoto hesabu si kazi ngumu sana. Kumfanya mtoto aliyedharauliwa ajione kuwa ni mtu, hiyo ndiyo kazi.

Mwaka 1908 aliwekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilikuwa kubwa mno: visiwani, na bara kuanzia Bondei hadi Masasi, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Alisafiri kwa miguu, akaongea Kiswahili na watu, akakaa nao. Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista wa CSP, ambalo huduma yake kwa wagonjwa na wasichana inakumbukwa hata leo.

Si vema kumsifu mtu kana kwamba hakuwa na kasoro. Weston alikuwa mkali. Mwaka 1913, baada ya mkutano wa makanisa uliofanyika Kikuyu nchini Kenya, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa kosa la imani, na ugomvi ule ukasikika mpaka Uingereza. Alipoamini kwamba jambo ni la kweli, hakujua kulisema polepole. Lakini ukali huo huo ndio uliokuja kuwatetea wanyonge.

Vita vilipofika nchi hii, majeshi yalipigana mahali pasipo na barabara. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Ikabaki vichwa na mabega ya watu. Kila mpagazi alichukua mzigo wa kilo 25 hivi, safari ya siku nyingi, mvuani na matopeni, mara nyingi akila unga usioiva vizuri. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria na kwa vichomi kuliko kwa risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu za serikali zilionyesha wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wachunguzi wa baadaye wamekadiria kwamba walikaribia 100,000.

Mwaka 1916 wapagazi walitakiwa kutoka Unguja. Watu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Askofu Weston aliona kwamba watu wale watachukuliwa, apende asipende, na akaamua kwamba hawatakwenda peke yao. Akawakusanya, akawa mkuu wa kikosi chao, akapewa cheo cha meja. Mwisho wa Agosti mwaka ule walikuwamo katika safari ya jeshi kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Wazee wetu wana methali isemayo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekaa ofisini huko pwani akiandika hesabu ya mizigo, kwake ilikuwa usufi kweli. Lakini aliyetembea na wabebaji katika njia ile ile na jua lile lile alijua uzito wake.

Hapo ndipo naona kiini cha maisha yake. Neno letu kuhesabiwa lina maana mbili. Mpagazi alihesabiwa kila asubuhi: mizigo mingapi, vichwa vingapi. Lakini kuhesabiwa kuwa ni mtu, mwenye mama anayemngoja Unguja, hilo si jambo la daftari. Lataka mwingine aje akae karibu nawe. Weston alikwisha kuandika kitabu kikubwa juu ya Bwana wetu kufanyika mtu, kilichotoka mwaka 1907. Miaka tisa baadaye yale aliyoyaandika kwa kalamu aliyatembea kwa miguu.

Baada ya vita serikali ilimpa nishani. Wengine wangeridhika, wakanyamaza. Mwaka 1918 alikuwa ameandika kuwashutumu Wajerumani kwa jinsi walivyowatendea Waafrika. Lakini mwaka 1919, Waingereza wenyewe katika nchi ya Kenya walipowaagiza maofisa na machifu wawasukume watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, Weston hakuona tofauti. Mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kupinga kazi ya kulazimishwa, akaishutumu serikali ya nchi yake mwenyewe. Alisimama pamoja na wengine, na mwaka 1921 serikali ya London iliwakataza maofisa kuwatafutia walowezi wafanyakazi kwa namna ile.

Mwaka 1923, katika mkutano mkubwa wa Kanisa uliofanyika London, aliwafundisha maelfu ya watu waliopenda ibada nzuri, uvumba na mishumaa, kwamba kumheshimu Kristo katika Sakramenti na kumdharau katika maskini ni kujidanganya. Mwaka uliofuata aliugua jipu, na sumu ikaingia katika damu. Akafariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba, 1924, Siku ya Marehemu Wote. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Sasa, ndugu zangu, tazameni jambo moja. Tunalijua jina la Askofu, na tarehe zake zote. Wapagazi wake hatuwajui. Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya mji tangu 1927, maneno yaliyochongwa chini yake yanawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Wengi wao hawakupata hata kaburi lenye jina. Nadhani Askofu Weston mwenyewe asingependa tumalize habari hii kwa kumsifu yeye.

Nami nina la kukiri. Kwa miaka mingi kijana mmoja amenisukumia mzigo wangu kwa mkokoteni kutoka sokoni mpaka mlangoni. Nilimlipa vizuri, nikamshukuru, nikajiona Mkristo mwema. Siku moja hakuja. Nilipotaka kumuulizia kwa wenzake, nikagundua kwamba silijui jina lake. Mimi, niliyeita majina darasani kila asubuhi maisha yangu yote! Aliporudi, maana alikuwa na homa, nilimwuliza jina. Alinitazama kwanza, akataka kujua kama amefanya kosa.

Hofu ile katika macho yake imenifundisha kuliko vitabu. Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, kila mmoja wetu juma hili amwulize jina mtu mmoja anayembebea mzigo, au anayekaa benchi la nyuma kanisani na kuondoka bila kusalimiwa, na juma lijalo amwite kwa jina hilo. La pili ni kwa Padre wetu na wazee wa Kanisa: tarehe 2 Novemba, tunaposoma majina ya marehemu wetu kwenye Misa, tuwaombee pia wapagazi wa Kariakoo. Majina yao hatunayo. Mungu anayo.