Georg Simon Ohm, Mwalimu Aliyepima Umeme

Bila shaka umewahi kutumia tochi ya balbu usiku. Betri zikiwa mpya, nuru yake huwa kali. Zikianza kuchakaa, nuru hufifia, huwa nyekundu, na mwisho tochi huzimika kabisa. Hivyo twajua kwamba betri ndiyo inayousukuma umeme, na kwamba nguvu ya kusukuma yaweza kuwa kubwa au ndogo. Lakini je, waya unaopitisha umeme huo hauna kazi yake katika jambo hili? Ukiurefusha waya mara mbili, umeme utapita kwa wingi ule ule? Mtu aliyelijibu swali hili kwa vipimo, akalitangaza jibu lake kwa ulimwengu, alikuwa mwalimu wa shule. Jina lake ni Georg Simon Ohm.

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi, 1789, katika mji wa Erlangen, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Mzee huyu hakusoma katika vyuo, lakini alijifundisha hesabu na sayansi kwa bidii, kisha akawafundisha wanawe nyumbani. Mama yao alifariki Georg akiwa na umri wa miaka 10. Kutoka kwa baba yake Georg alipata elimu na pia ustadi wa mikono, nao ulimfaa sana baadaye.

Mwaka 1805 aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Huko alipenda mno dansi, biliadi na kuteleza juu ya barafu, hata baba yake akakasirika kwa kuona muda unapotea bure. Georg akalazimika kuacha chuo, akaenda Uswisi kufundisha hesabu. Hata hivyo aliendelea kusoma peke yake. Mwaka 1811 alirudi Erlangen, akapata shahada ya udaktari.

Kwa miaka kadhaa alifundisha kwa mshahara mdogo. Kisha, mwaka 1817, alipata kazi katika shule moja mjini Cologne, shule iliyokuwa na maabara nzuri ya fizikia. Wakati huo umeme ulikuwa jambo geni. Mwaka 1820 mtaalamu wa Denmark, Hans Christian Oersted, aligundua kwamba sindano ya sumaku husogea ikiwekwa karibu na waya unaopitisha umeme. Ohm akaona kwamba sindano hiyo yaweza kuwa kipimo: kadiri mkondo wa umeme unavyokuwa mkubwa, ndivyo sindano inavyosogea zaidi.

Akaanza majaribio yake kwa kutumia betri za siku zile. Hapo akapata taabu. Betri hizo zilidhoofika upesi wakati wa kutumika, kama zilivyo betri kuukuu za tochi, na kwa hiyo vipimo vilibadilika kabla hajamaliza kuvisoma. Hesabu aliyoichapisha mwaka 1825 haikuwa sahihi. Mtaalamu mwingine, aitwaye Poggendorff, akamshauri aache betri na kutumia umeme utokanao na joto. Ohm akachukua metali mbili, yaani bismuthi na shaba, akaziunganisha mahali pawili. Kiungo kimoja alikitia katika joto la maji yanayochemka, na cha pili katika baridi ya barafu. Metali hizo zikatoa mkondo mdogo sana wa umeme. Lakini ulikuwa mkondo usiobadilika, maana maji yanayochemka hayazidi joto lake, na barafu inayoyeyuka hudumu katika ubaridi ule ule.

Kisha akatayarisha nyaya nane za shaba zenye unene mmoja. Ule mfupi kuliko zote ulikuwa na urefu wa inchi 2, yaani kama sentimita 5. Ule mrefu kuliko zote ulikuwa wa inchi 130, yaani zaidi ya mita 3. Juu ya chombo chake aliitundika sindano ya sumaku kwa ukanda mwembamba wa metali. Sindano iliposogezwa na umeme, Ohm aliusokota ukanda huo taratibu hadi sindano iliporudi mahali pake, akaandika kiasi alichosokota. Alifanya hivyo kwa kila waya, tena na tena. Ustadi wa mtoto wa fundi makufuli ulionekana hapo. Sisi twaona kuwa chombo hicho chastahili sifa sawa na kitabu alichokiandika baadaye.

Vipimo vilionyesha nini? Waya ukiwa mrefu, mkondo ulipungua. Fikiria tangi la maji lililojengwa juu ya kilima cha Kasulu, na bomba likishuka hadi bondeni. Tangi likiinuliwa juu zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Bomba likiwa refu na jembamba, maji yatokayo huwa machache. Katika umeme, nguvu ya kusukuma hupimwa kwa volti. Wingi wa umeme unaopita, yaani mkondo, hupimwa kwa ampea. Uzito wa waya kupitisha umeme huitwa ukinzani. Ohm aligundua kwamba ukigawanya volti kwa ukinzani, utapata mkondo.

Mwaka 1827 alichapisha kitabu kuhusu hesabu hiyo. Alitumaini kwamba kitampatia kazi ya kufundisha katika chuo kikuu. Haikuwa hivyo. Wataalamu wengi wa nchi yake hawakukijali, na wengine walikipinga. Mwaka 1828 Ohm aliacha kazi yake ya Cologne kwa uchungu, akaishi Berlin kwa kufundisha hapa na pale. Mwaka 1833 ndipo alipopata kazi katika chuo cha ufundi cha Nuremberg. Sifa zilitoka ng'ambo: mwaka 1841 Chama cha Kifalme cha London kilimpa nishani yake kuu, nishani ya Copley. Mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 63, alifanywa profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Munich, kazi aliyoitamani tangu ujana. Aliishika kwa miaka miwili tu. Alifariki mjini humo tarehe 6 Julai, 1854.

Hesabu yake yatumika hata katika milima ya Kigoma. Kwa miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka katika mashine za dizeli. Mwaka 2022 miji hiyo iliunganishwa na gridi ya taifa kwa nyaya zitokazo Nyakanazi, Mkoa wa Kagera. Nyaya hizo ni ndefu mno, na waya mrefu una ukinzani mkubwa. Kwa hiyo umeme husafirishwa kwa volti nyingi na mkondo mdogo, usipotee njiani kwa kuzipasha nyaya joto. (Usifanye kamwe jaribio lolote kwa umeme wa nyumba, unaua.)

Fundi redio naye huitumia. Tuseme ana betri ya volti 12 na kitaa chekundu kinachohitaji volti 2 na mkondo wa ampea 0.02. Volti 10 zinazobaki zitakiunguza kitaa zisipozuiwa. Fundi hugawanya 10 kwa 0.02, akapata 500. Basi huweka kikinza umeme kidogo, kiitwacho rezista, chenye ukinzani wa 500. Siku hizi zipo programu katika intaneti ambamo mtu wa Kibondo mwenye kompyuta aweza kuchora saketi nzima, betri, nyaya na vitaa, kisha kompyuta ikafanya hesabu ile ile na kumwonyesha kitaa kitakachoungua kabla hajanunua hata kimoja.

Kipimo cha ukinzani chaitwa omu. Jina hilo lilikubaliwa na wataalamu wa mataifa mengi waliokutana Paris mwaka 1881, miaka 27 baada ya mwalimu huyo kufariki. Alama yake ni herufi ya Kigiriki, Ω. Ukipata mchoro wa saketi ya redio, itafute kando ya rezista.