Mtoto wa Unguja na ngoma iliyogoma kukatwa

Wadau, Freddie Mercury wengi tunamjua kwa picha: masharubu, singlendi nyeupe, ngumi juu. Wasiojua ni wengi kwamba jamaa ni mzaliwa wa Unguja kabisa. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina la kwao Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, na mzee wake alikuwa keshia kwenye ofisi za serikali ya Mwingereza.

Bado mdogo akapelekwa bodingi India, kule Panchgani, ndiko alikoanza kupiga piano kwenye bendi ya shule. Akarudi Unguja. Mapinduzi ya Januari 1964 yakatokea, familia ikahamia Uingereza. Akasomea sanaa Ealing, na mwaka 1970 wakaanzisha Queen, yeye na Brian May na Roger Taylor. Mpiga besi John Deacon akaingia 1971.

Sasa tuje kwenye ngoma yenyewe. Mwaka 1975 Queen jina walikuwa nalo, lakini mifukoni hamna kitu. Freddie akaja na Bohemian Rhapsody. Dakika 5 na sekunde 55! Haina kiitikio, inaanza taratibu kama ya kubembeleza, katikati inageuka opera, halafu magita yanalipuka, mwisho inatulia tena. Kurekodi kulichukua wiki kama 3. Freddie, May na Taylor walirundika sauti juu ya sauti mpaka tepu ikachakaa, ukiishika unaona mwanga upande wa pili. Na mle kwenye opera kuna neno moja la Kiarabu ambalo mtoto wa Unguja analisikia kila kabla ya kula. Vaa hedifoni utalidaka mwenyewe.

Kampuni ya EMI ikasema ndefu mno, redio hazitapiga, ikatwe. Bendi ikagoma: itoke nzima au isitoke. Hapo ndipo namkubali mchizi. Yaani huna hela, anayekulipa anakwambia punguza, na bado unakaza!

Kopi moja ikamfikia mshkaji wake Freddie, Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio ya London. Akaambiwa asiipige. Hiyo ni sawa na kumkabidhi fisi bucha. Aliipiga mara 14 wikiendi moja tu, watu wakaanza kuulizia madukani sahani ambayo haijatoka. Singo ikatoka nzima tarehe 31 Oktoba 1975, ikakaa namba moja Uingereza wiki 9.

Tarehe 23 Novemba 1991 Freddie alitangaza kuwa ana UKIMWI. Kesho yake akafariki, ana miaka 45. Desemba hiyohiyo wakaitoa tena ile ngoma, pamoja na These Are the Days of Our Lives, ikapanda tena namba moja wiki 5. Mapato yalienda Terrence Higgins Trust, shirika la kusaidia wagonjwa wa UKIMWI, zaidi ya pauni milioni 1.