Maisha ya Muyaka bin Haji, Mshairi wa Mvita

Baada ya hesabu za mwaka na majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ni desturi ya kijitabu hiki kutoa habari za maisha ya mtu mmoja aliyepata sifa zamani. Safari hii Halmashauri imemchagua Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa. Uchaguzi huo haukupita bila mabishano. Baadhi ya wazee wetu wa Kawangware na Dagoretti waliuliza chama cha kusaidiana katika mazishi, maradhi na ada za shule kina haja gani na mtunga mashairi wa pwani, aliyekufa zaidi ya nusu karne kabla ya reli kufika Nairobi mwaka wa 1899, tena mtu wa mabwana wa ngome. Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka wa 1776, akafa yapata mwaka wa 1840. Mji aliouzaliwa ulikuwa katika kisiwa, na penye mlango wake wa bahari ilisimama Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Wareno walikuwa wamekwisha kuondoka. Katika ngome walikaa Maliwali wa ukoo wa Mazrui, ambao asili yao ni Omani, lakini waliokataa kumtii mfalme wa Omani tangu ukoo wa Busaidi uliposhika utawala huko katikati ya karne ya kumi na nane. Wenyeji wa mji walikuwa Thenashara Taifa, wamegawanyika katika Taifa Tisa na Taifa Tatu, na Liwali hakuweza kutawala pasipo kuwaridhisha. Majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Kutoka bara zililetwa pembe za ndovu na nafaka, na katika miaka ya uzee wa Muyaka Wakamba walikuwa wakishusha pembe mpaka pwani kwa misafara yao wenyewe. Basi si kweli kwamba mji ule na nchi zetu za bara havikujuana.

Kabla ya Muyaka, ushairi ulioandikwa na kuhifadhiwa ulikuwa zaidi ule wa Pate na Lamu: tenzi ndefu za dini, za vita vya Mtume, za mawaidha na kukumbusha mauti. Muyaka alishika bahari nyingine. Aliutumia ubeti wa mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande huu, na vina vya kati na vya mwisho vikaambatana. Hakuuvumbua yeye, lakini ndiye aliyeupa nguvu iliyoufanya uenee. Katika ubeti huo mfupi alitia kila jambo lililompata mtu wa mjini: mapenzi na chuki, rafiki aliyebadilika, mali iliyokuja na kutoweka, nyumba, safari, ugomvi, mafumbo ya kutegeana, dua kwa Mungu, na shauri kwa mtawala. Imepata kuandikwa kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Neno hilo limependwa na limerudiwa na wengi. Sisi twaliona limepita kiasi, kwa kuwa soko halikuwahi kukosa nyimbo zake, na wanawake hawakungoja ruhusa ya mshairi ili waimbe ngomani. Jambo jipya ni kwamba maneno ya sokoni yalipata mtu wa kuyatunga kwa ustadi uleule uliokuwa ukitumika kwa mambo ya dini, hata watu wakaona yanastahili kukaririwa na kuandikwa.

Ni lazima tukumbuke kwamba siku zile hapakuwa na gazeti wala redio. Shairi zuri lilitoka barazani asubuhi, na kabla ya jua kuchwa lilikuwa midomoni mwa mji mzima. Tanga lilipopandishwa, likaenda Lamu, Pate, Pemba na Unguja. Mtawala mwenye mshairi hodari alikuwa na silaha, na Maliwali wa Mazrui walimjua Muyaka na kumweka karibu, hasa Abdallah bin Ahmed, aliyetawala toka mwaka wa 1814 hata 1823. Muyaka aliwasifu, akawahimiza, akawacheka adui zao, na mara nyingine akawaonya.

Yapata mwaka wa 1812 Mombasa na Pate ziliungana kuishambulia Lamu. Majeshi yakashuka Shela, kwenye mchanga, yakapigwa vibaya. Mapokeo ya Lamu yasema kwamba walipokimbilia vyombo vyao waliona maji yamekupwa na vyombo vimekaa nchi kavu, hivyo wengi wakauawa pale pale ufukweni. Muyaka alikuwa upande wa walioshindwa. Mashairi yalijibizana kati ya miji miwili hiyo, na upande wa Lamu Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa mkuu wa mji na mshairi, alijibu kwa maneno makali yasiyopungua ya Muyaka. Kwa hiyo vita vya Shela twavisikia kwa masikio ya pande zote mbili, jambo lililo nadra katika historia ya nchi zetu, ambazo mara nyingi habari zake ziliandikwa na mgeni aliyepita.

Baada ya Shela Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, naye akapata mahali pa kuweka mguu pwani. Toka hapo mambo ya Mombasa yakaanza kushuka. Ilipoteza Pate, kisha Pemba, iliyokuwa ghala yake ya chakula. Mwaka wa 1824 Maliwali walimkimbilia Kapteni Owen wa manowari za Kiingereza, na bendera ya Uingereza ikapepea juu ya ngome mpaka mwaka wa 1826, serikali ya London ilipokataa kuithibitisha. Seyyid Said alifika na merikebu mwaka wa 1828, akarudi tena na tena. Mazrui walipigana naye kwa miaka mingi, lakini waliangushwa na fitina ya nyumbani zaidi ya mizinga ya baharini. Ndugu waligombania uliwali, na baadhi ya wenyeji wakachoka nao. Mwaka wa 1837 ngome ilichukuliwa. Wakubwa wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakapelekwa uhamishoni katika Ghuba ya Uajemi wasirudi tena. Jamaa zao waliosalia walikimbilia Takaungu na Gazi.

Muyaka aliyaona haya yote katika uzee wake. Watu aliowasifu ujana wake wote walikuwa wamekufa au wamefungwa, na mji aliouita mkubwa ulitawaliwa kutoka Unguja. Aliishi miaka michache tu baada ya hapo.

Sasa turudi kwa swali la wazee wetu. Ni kweli kwamba Muyaka alikuwa mtu wa wakubwa. Ni kweli pia kwamba Mombasa yake ilikuwa na watumwa, na kwamba mashairi yake ni maneno ya waungwana kwa waungwana; mtumwa hapewi zamu ya kusema humo. Wako miongoni mwetu ambao babu zao walipita njia hiyo ya pwani wakiwa na kamba shingoni, na hatuwezi kuwaambia wasahau kwa sababu vina ni vizuri. Halmashauri haikumchagua Muyaka awe mfano wa tabia. Ilimchagua kwa sababu ya yale yaliyoyapata maneno yake baada ya kufa kwake, maana hayo yanatuhusu sote, wa pwani na wa bara.

Muyaka hakuacha kitabu. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu na katika karatasi chache zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo hazikuumbwa kwa Kiswahili. Irabu zake ni tatu tu, hata kuku na koko huandikwa namna moja. Kwa desturi ya zamani p iliandikwa kama b na v kama f, na mara nyingi n iliyotangulia d haikutiwa kabisa, basi neno penda laweza kusomeka beda au bida. Msomaji anayelijua shairi tangu zamani hasumbuki, kwani karatasi yamkumbusha tu. Asiyelijua anayo karatasi mkononi na shairi hana. Kwa ajili hiyo, watu waliomsikia Muyaka walipoanza kufa, hata yale yaliyoandikwa yalikuwa yanakufa pamoja nao.

Aliyeokoa kazi hii ni mtu ambaye jina lake halijulikani kwa wengi, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, mshairi na mwanachuoni, aliyefariki mwaka wa 1890. Mwaka wa 1880 alifika Mombasa mmisionari wa CMS, William Ernest Taylor, kijana aliyeipenda lugha kuliko wageni wengi wa siku zake. Mwalimu Sikujua alikusanya mashairi ya Muyaka, akayanakili, akamfafanulia Taylor maneno magumu na mambo yaliyosababisha kila shairi. Mmoja alikuwa Mwislamu mwenye elimu ya dini yake, mwingine alikuwa amekuja kuhubiri Injili, nao walikaa pamoja juu ya karatasi za mtu aliyekuwa amekufa miaka arobaini iliyopita. Sisi tuliosomeshwa na misheni tulizoea kusikia sifa za Taylor na wenziwe. Katika jambo hili, kwa maoni yetu, sifa ya kwanza ni ya Mwalimu Sikujua. Taylor alikuwa na kalamu na sanduku la kuhifadhia. Aliyekuwa na mashairi ni Sikujua, na kama angalifariki miaka kumi mapema pasingalikuwa na kitu cha kutia sandukuni.

Taylor alifariki mwaka wa 1927. Karatasi zake zilifanyiwa kazi na Bwana William Hichens, na mwaka wa 1940 Diwani ya Muyaka ikapigwa chapa Johannesburg, katika mfululizo wa vitabu vya lugha za Kiafrika wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Karatasi zenyewe zimehifadhiwa London. Hivyo karne nzima baada ya kufa kwake Muyaka alipata kitabu, lakini kilitoka mbali sana na Mvita. Hapa Nairobi, maktaba kubwa ya McMillan iliyofunguliwa mwaka wa 1931 katika barabara iitwayo sasa Banda, karibu na Msikiti wa Jamia, ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka mwaka wa 1958. Mwafrika wa River Road aliyetaka kusoma mashairi ya Kiswahili yaliyotungwa pwani ya nchi yake hakuwa na ruhusa ya kupanda ngazi zile na kuuliza kama kitabu kipo.

Ilimpasa Muyaka angoje miaka thelathini na tisa mingine. Mwaka wa 1979 Kenya Literature Bureau ilitoa hapa Nairobi kitabu cha Profesa Mohamed H. Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi, chenye mashairi, tafsiri yake kwa Kiingereza, na maelezo ya historia ya kila jambo. Hicho ndicho tuwashaurio wanachama wakitafute. Msomaji wa bara atasumbuka mwanzoni, kwa kuwa Muyaka alitunga kwa Kimvita, na lugha ya shuleni ilifuata Kiunguja tangu uamuzi uliofanywa mwaka wa 1928. Atakuta mato mahali pa macho, ndia mahali pa njia, kuteka mahali pa kucheka. Asikate tamaa. Baada ya kurasa chache sikio huzoea, na ni vema zaidi kusoma kwa sauti, wawili au watatu pamoja, kuliko kusoma kimya.

Hata asiyemjua Muyaka amekwisha kukutana naye. Wale miongoni mwetu waliosoma gazeti la Baraza, lililoanza kutolewa Nairobi mwaka wa 1939 na ambalo sasa halipo, watakumbuka ukurasa wa mashairi, na ubeti uliotumiwa na makarani, walimu na askari wa kila kabila ulikuwa uleule wa mishororo minne na mizani kumi na sita. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alipofungwa miaka mitatu toka mwaka wa 1969 kwa sababu ya maandishi ya siasa, alitunga gerezani mashairi yaliyotolewa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, nayo ni ya ukoo huo huo wa ushairi. Mtindo ulioanza kwa kuwasifu watawala wa ngome umefika mikononi mwa mfungwa anayewauliza watawala maswali. Wazee waliompinga Muyaka katika mkutano wetu watapenda kulifikiri hilo.

Katika mkutano huo huo mzee mmoja wa Kangemi alisema kwamba yeye pia anazijua nyimbo za rika lake, za kazi na za kuwatoa vijana jandoni, wala hajawahi kuulizwa na mtu kuziandika. Halmashauri imekubali neno lake. Madaftari sita yamenunuliwa kwa fedha za vifaa vya ofisi, nayo yameonyeshwa katika hesabu za mwaka. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya saa nane mchana, karani atakuwa ofisini kuandika nyimbo, mashairi na masimulizi ya mzee yeyote, kwa lugha yake mwenyewe, pamoja na maana ya maneno magumu. Mzee asiyeweza kutembea atume habari kwa mjumbe wa mtaa wake, na karani atakwenda kwake. Mzee wa Kangemi amekwisha kuja mara mbili, na daftari la kwanza limefika nusu.