Gavana Cameron na Hazina ya Nyumbani

Ndugu wana-Ntobeye, mliopo nyumbani na mliopo mbali, safari hii tunaeleza habari za mtu asiye wa kwetu, lakini ambaye kodi ya babu zetu ilipita katika mipango yake. Ni Sir Donald Cameron, Gavana wa Tanganyika tangu 1925 hadi 1931.

Alizaliwa 1872 huko Guyana ya Waingereza, Amerika ya Kusini. Alianza na ukarani, akapanda cheo polepole Mauritius, kisha Nigeria, ambako aliona Waingereza wakitawala kwa kupitia watawala wa jadi.

Utaratibu huo akauleta kwetu kwa sheria ya 1926. Machifu wakapewa mabaraza, mahakama na hazina. Sehemu ya kodi ikawa inabaki nyumbani, na chifu akalipwa mshahara badala ya kuishi kwa mazao na kazi za bure za raia. Huo ulikuwa unafuu mkubwa, tusiufiche. Siku hizo Bugufi na Bushubi zilikuwa chini ya bwana shauri wa Biharamulo. Bugufi ilikuwa imekatwa kutoka Burundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hivyo mwami wake akaingia katika utaratibu huo bila mwami wa Burundi juu yake.

Lakini kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha huku ilikuwa adimu. Vijana walikwenda kwa miguu hadi Buganda kufanya kibarua cha shambani. Wengine walirudi na shilingi, wengine waliloea huko huko. Na mlipaji hakuulizwa hazina itumikeje. Hayo yalikuwa mazungumzo ya chifu na bwana shauri. Hata Baraza la Kutunga Sheria alilolianzisha 1926 halikuwa na Mwafrika hata mmoja.

Jambo moja tunampa heshima yake kamili: alikataa katakata mpango wa kutuunganisha na Kenya, ambako walowezi walikuwa na sauti kubwa.

Mwaka 1931 alihamishiwa Nigeria akiwa Gavana, akastaafu 1935, akafariki 1948. Utawala wa machifu ulifutwa 1963, na kazi za hazina zao zikabaki kwa halmashauri za wilaya.

Hesabu za chama chetu zimo ukurasa unaofuata. Tafadhali zisomeni kabla ya kujaza fomu ya mchango.